Udongo Haubahatishwi: Majibu kwa Wasomaji Wafinyanzi

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wanaoanzisha karakana, walimu wa sanaa na wauzaji wa vyungu. Wengi wanauliza habari za tanuri na glezi, yaani ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo. Lakini ukisoma barua zao kwa makini, mara nyingi tatizo lilianza kwenye udongo, kabla moto haujawashwa. Ndiyo maana swali la udongo limetangulia, na limepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Shikamoo mwalimu. Shambani kwangu nikichimba kama mita moja napata udongo wa kijivu unaonata sana. Nataka niutumie kwa vikombe na bakuli badala ya kununua. Nitajuaje kama unafaa? Jirani ananiambia niachane nao, nikachukue ule mweupe wa Pugu. — Msomaji, Kisarawe

Marahaba. Kunata peke yake hakutoshi. Udongo mweusi wa mbuga nao unanata mpaka unavua viatu, lakini ukikauka unachanika vipande, kwa sababu chembe zake hunywa maji mengi zikavimba, kisha hunywea kupita kiasi. Chimba ndoo moja tu kwanza, uipime.

Ondoa tabaka la juu lenye mizizi. Udongo uliobaki uanike mpaka ukauke kabisa, uuponde vipande vya ukubwa wa harage, kisha uutumbukize kwenye maji bila kuukoroga. Usiruke hatua ya kuanika: udongo mkavu kabisa humumunyuka wenyewe kwa saa chache, ila ulio na unyevu hubaki na madonge siku nyingi. Kesho yake koroga, chuja kwa chekecheke lenye matundu yasiyozidi nusu milimita, acha utuame, mwaga maji ya juu. Uji unaobaki umimine kwenye foronya kuukuu, itundike penye upepo. Baada ya siku tatu au nne utakuwa umekaza kiasi cha kukandika.

Sasa fingirisha kamba yenye unene wa penseli uizungushe kwenye kidole. Ikikatika au kuchanika mgongoni, udongo hauna mvutano wa kutosha. Changanya na udongo unaonata zaidi, au uufunge vizuri ukae wiki kadhaa. Udongo uliokaa hufinyangika vizuri kuliko uliochujwa jana. Ikizunguka bila ufa wowote, furahi, lakini usitosheke. Udongo wenye mvutano mkubwa mno hupinda na kupasuka ukikauka. Dawa yake ni mchanga laini uliochekechwa, au chenga za vigae vilivyopondwa, sehemu 10 hadi 20 kwa kila 100 za udongo mkavu.

Halafu pima kunywea. Tengeneza vibamba vitano vya urefu wa sentimita 14, upana wa 4 na unene wa milimita 7. Juu ya kila kimoja chora kwa ncha ya kisu mstari wa milimita 100 kamili. Pima mstari huo kibamba kikikauka, na upime tena kikitoka motoni. Ukikuta umebaki milimita 88, udongo wako umenywea asilimia 12, na kikombe unachotaka kiwe na kimo cha sentimita 10 mwisho wa kazi lazima ukifinyange karibu sentimita 11.4. Kunywea kwa jumla kwa asilimia 8 hadi 13 kunavumilika. Ukivuka 15, utahangaika na nyufa kila wiki.

Kipimo kinachofuata ni unywaji wa maji. Pima uzito wa kibamba kilichochomwa, kichemshe saa mbili, kifute, kipime tena. Kama kilikuwa gramu 200 kikawa 224, kimekunywa asilimia 12. Hiyo ni hali ya kawaida ya udongo mwekundu uliochomwa nyuzijoto 1000, na maana yake ni kwamba kikombe kisicho na glezi kitatoka jasho mezani. Kwa vyombo vya kila siku ni vizuri kushuka chini ya asilimia 3, ila udongo mwingi wa mabondeni haufiki hapo. Huanza kupinda na kuyeyuka kabla. Kwa hiyo unapojaribu kupanda zaidi ya nyuzi 1100, weka kibamba juu ya kigae au sahani mbovu ya udongo. Kikiyeyuka, utatupa sahani, hutapoteza rafu ya tanuri.

Ukanda wa pwani una jambo lake: chokaa itokanayo na mawe ya matumbawe. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, chokaa ipo. Kuanzia karibu nyuzi 800 vipande vya chokaa hugeuka kuwa chokaa isiyozimwa. Chombo kitatoka tanurini kizuri, ukiuze, kisha baada ya siku au wiki kile kipande kivute unyevu wa hewa, kivimbe na kurusha gamba la ukuta. Utakuta shimo dogo la duara, na katikati yake nukta nyeupe. Chekecha kwa wavu laini zaidi, chini ya theluthi moja ya milimita, maana punje ndogo sana hazina nguvu ya kupasua. Wengine hutumbukiza chombo kwenye maji mara kinapotoka tanurini kikiwa bado na uvuguvugu, chokaa izimike mapema. Inasaidia kwa kiasi, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya kuchekecha.

Udongo wa Pugu ni kaolini. Ni mweupe, safi, unastahimili moto mkali, na kwa sababu hiyohiyo haukufai ukiwa peke yake: kwa nyuzi 1200 bado ni tifutifu, na kwenye gurudumu unakatika mkononi. Uchukue kama kiungo, kwa glezi, kwa uji mweupe wa kupaka juu ya udongo mwekundu, na kwa kupaka rafu za tanuri (nusu kaolini, nusu silika, yaani unga wa mchanga mweupe uliosagwa) ili glezi ikidondoka isigande nazo.

Habari za kazi. Nachoma kwa tanuri la kuni. Msimu wa mvua karibu nusu ya vyombo vinalipuka. Wenzangu wanasema ni hewa iliyobaki ndani kwa kuwa sikandi vizuri. — Msomaji, Bukoba

Nzuri, pole kwa hasara. Endelea kukanda, ila hewa usiilaumu. Mfuko wa hewa huharibu umbo. Kinacholipua ni maji. Yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile ya mwanzo, na vinyweleo vya udongo vikishindwa kuutoa kwa kasi hiyo, ukuta unapasuka. Tena, udongo hauwezi kuwa mkavu kuliko hewa inayouzunguka. Masika ya Bukoba chombo huonekana kikavu hali bado kina unyevu. Kigusishe shavuni: kikiwa cha baridi, maji yapo.

Panga tanuri jioni na ulikaushe usiku. Weka mkaa unaowaka taratibu kwenye mdomo wa sehemu ya moto, usiusukume ndani, na tundu la juu liwe wazi. Lengo ni nyuzi 80 hadi 90, kamwe zisifike 100. Vyombo vyenye ukuta wa milimita 6 hadi 8 vinahitaji saa tatu hivi. Vyenye kitako kinachozidi sentimita moja viache mpaka asubuhi. Tunasema mkaa kwa sababu kuni zenyewe hutoa mvuke na zitakuvurugia kipimo hiki: shika kipande cha kioo baridi juu ya tundu la moshi kwa sekunde chache. Kikipata ukungu, bado. Kikibaki kikavu, unaweza kuongeza moto.

Baada ya hapo panda nyuzi 60 hadi 80 kwa saa mpaka ufike 200, kisha kama 100 kwa saa mpaka 600. Kati ya 450 na 600 hutoka maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo zenyewe, ambayo jua haliwezi kuyatoa. Kama huna kipimajoto cha tanuri, zima taa na uchungulie: wekundu hafifu unaoonekana gizani tu unakuambia uko kwenye nyuzi mia tano na kitu. Ukishapita hapo na wekundu umekolea, kazana na kuni.

Vigae usivitupe kabla ya kuvisoma. Magamba yaliyoruka kutoka kwenye kitako na kutapakaa tanuri zima ni mvuke. Ufa mmoja mrefu, mnyoofu, wenye kingo kali, ni wa kupoa haraka. Mchanga ulio ndani ya udongo hubadili umbo ghafla kwenye nyuzi 573, kwa hiyo mlango wa tanuri usiguswe mpaka joto lishuke chini ya 150. Kwa vyombo vya glezi, angalia mdomo wa ufa: glezi ikiwa imelainika na kuviringa kingoni, ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka, ikiwa imekatika kama kioo kilichovunjwa, ufa ulitokea wakati wa kupoa.

Nimejifunza ufinyanzi chuoni na nachoma nyuzi 1220. Chungu changu chenye glezi kimegawanyika vipande viwili kwenye jiko la mkaa siku ya kwanza, wakati vile vya akina mama wa sokoni vinapika miaka. Kosa liko wapi? — Msomaji, Mbeya

Wewe umetengeneza chombo cha mezani ukakipeleka jikoni. Akina mama wa Kisi wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao unavikuta Matema na Kyela, wanatengeneza chombo cha moto tangu wanapochagua udongo, na kila wanachokifanya kina sababu yake. Wafinyanzi wa Upare ni hivyo hivyo. Ni maarifa mazito, na aliyesoma chuoni anapaswa kwenda kuyasomea kwa heshima.

Chungu kikiwa jikoni kitako kinatanuka, mdomo bado umepoa. Udongo uliochomwa nyuzi 1220 umeshikana ukawa mgumu kabisa. Ufa ukianza hauna cha kuuzuia, unakimbia kutoka kitako hadi mdomo. Udongo uliochomwa nyuzi 700 hadi 850, wenye mchanga na chenga za vigae, umejaa vinyweleo. Ufa mdogo unakwama kwenye chenga, unaishia hapo. Glezi nayo inaongeza tatizo kwa sababu haitanuki sawasawa na ukuta ulioibeba.

Kwa hiyo tenga udongo wa vyungu: asilimia 20 hadi 30 za mchanga au chenga, ukuta wa milimita 5 hadi 7 ulio sawa kila mahali, kitako cha mviringo kisicho na kona, bila glezi. Kitako bapa chenye kona kali ndiko ufa unakoanzia. Ung'arishe kwa kokoto laini udongo ukiwa umekaza lakini haujakauka. Hapo chembe za juu zinalala na kubana. Chungu kipya kiloweke usiku mzima, kisha kipikie uji mwepesi kwa moto mdogo, ili wanga uzibe vinyweleo. Mnunuzi mwambie mambo mawili: kisikae jikoni kitupu, na kisitiwe maji baridi kikiwa cha moto.

Umeme ulikatika tanuri likiwa nyuzi 950 kwenye mchomo wa glezi. Nikafungua kuangalia. Glezi imetoka na vitundu. Pia naomba kujua yuniti ngapi zinatosha kwa mchomo mmoja. — Msomaji, Arusha

Usifungue. Ziba matundu yote, tanuri lililojengwa vizuri litatunza joto. Umeme ukirudi, endelea kutoka pale joto lilipo, upande kwa kasi ya kawaida na ukae dakika 15 kwenye kilele ili vitundu vizibe. Kukatika kwenye nyuzi 950 hakuharibu glezi ya 1220, kwa kuwa ilikuwa bado haijayeyuka. Kilichotia hasara zaidi ni mlango uliofunguliwa. Vitundu pia hutoka mchomo wa kwanza ukiwa hafifu. Uupeleke nyuzi 1000 badala ya 900, gesi za udongo ziishe kabla glezi haijapakwa.

Baada ya mkatiko usiamini namba ya kipimajoto peke yake. Weka koni tatu, vile vijipande vya udongo vyenye namba vya kupimia moto, mbele ya tundu la kuchungulia: 5, 6 na 7 kwa mchomo wako. Koni hupinda kwa joto na muda kwa pamoja, jinsi udongo unavyoiva. Ya 5 ikilala chini, ya 6 ikiinama mpaka ncha iguse rafu, na ya 7 ikianza tu kulegea, umefika.

Kuhusu yuniti: zidisha kilowati za tanuri kwa saa za mchomo. Tanuri la kilowati 6 kwa saa 9 ni yuniti 54, na hapo ndipo mwisho wake. Kwa kawaida litakula kama theluthi mbili, kwa sababu mwanzoni halichoti nguvu yote. Weka LUKU ya yuniti zote 54 kabla ya kuwasha. Na tanuri hilo linavuta ampea 26 kwa volti 230, kwa hiyo liwe na laini yake kutoka kwenye bodi, breka ya 32 na waya usiopungua milimita 6 za mraba, ulazwe na fundi umeme aliyesajiliwa. Soketi ya ukutani itaungua.

Fundi mmoja amenielekeza nisage risasi ya betri za gari nichanganye na mchanga na udongo. Inang'aa vizuri kwa moto mdogo. Ni salama? Na ile glezi ya dukani inatoa nyufa ndogondogo uso mzima. — Msomaji, Dar es Salaam

Acha leo hii. Risasi inaingia mwilini kwa vumbi unaposaga, kwa moshi unapochoma, na kwa chakula siku zote ambazo chombo kitatumika. Ukwaju, ndimu, nyanya na maziwa ya mgando huichomoa kwenye glezi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Usiitumie hata kwa mapambo, kwa sababu moshi wake huganda kwenye kuta za tanuri na kurudi kwenye vyombo vingine. Tanuri lililokwisha kuchomewa risasi lisichomewe tena vyombo vya chakula.

Kwa moto mdogo, nyuzi 1040 hadi 1060, kinachoshika nafasi ya risasi ni friti ya boroni, unga wa kioo kilichokwisha kuyeyushwa na kusagwa kiwandani. Sehemu 85 za friti kwa 15 za kaolini zinakupa glezi angavu ya kuanzia. Ukinunua, uliza kwa maandishi kama haina risasi. Kwa wenye tanuri linalofika karibu 1280, mchanganyiko wa zamani na rahisi kukumbuka ni felspa (unga wa jiwe linaloyeyuka motoni) 40, silika 30, kalsiamu kaboneti 20, kaolini 10. Hiyo kalsiamu kaboneti siyo chokaa ya kupaka nyumba. Ile inababua ngozi na inabadili mchanganyiko.

Tia unga kwenye maji, anza na lita moja kwa kilo moja, chuja mara mbili, halafu pima: mililita 100 za glezi ziwe na uzito wa gramu 145 hivi. Chombo cha mchomo wa kwanza kifute vumbi kwa sponji yenye unyevu, kichovye sekunde tatu, ukitoe. Kwaruza kwa sindano uone unene; milimita moja inatosha. Futa kitako na milimita 3 juu yake. Glezi ikijikusanya ikaacha sehemu tupu baada ya moto, ni vumbi au mafuta ya mikono, au umepaka nene ikapasuka wakati wa kukauka.

Nyufa zako za uso mzima zinatokea kwa sababu glezi inanywea kuliko udongo wakati wa kupoa, inavutwa mpaka inachanika. Ongeza silika sehemu 5 kwenye kila 100, jaribu, ongeza tena 5 kama bado, au panda nyuzi 20 hadi 30. Glezi ya dukani isipokubali, badili udongo; kila glezi ina udongo wake. Kwenye ua nyufa hizo ni urembo. Kwenye bakuli la udongo unaonywa maji ni makao ya mabaki ya chakula, usiliuze kwa mezani.

Jaribio la nyumbani: zamisha nusu ya kigae chenye glezi kwenye siki kwa siku tatu. Nusu iliyozama ikififia au kubadilika rangi, glezi hiyo haifai kwa chakula. Isipobadilika bado haijathibitika kuwa haina risasi. Hilo hujibiwa na maabara. Vyungu vya sokoni vilivyopakwa rangi ya mafuta ndani navyo si vya chakula, hata vikivutia.

Nafundisha sanaa sekondari. Nina wanafunzi 40, sina gurudumu, sina tanuri. Nianze vipi? — Mwalimu, Morogoro

Gurudumu lisikukatishe tamaa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia, huinua vyombo vyake kwa mkono, bila gurudumu.

Hesabu kilo moja ya udongo kwa mwanafunzi, pamoja na kilo 10 za akiba. Kipindi cha kwanza kila mmoja achukue donge linalojaa kiganja, atie dole gumba katikati, aminye huku akizungusha mpaka ukuta uwe milimita 7. Tazama dole gumba lao: wengi hutoboa kitako, kwa hiyo waambie waache unene wa kidole chini. Kipindi cha pili na cha tatu ni kamba. Kila kamba ichanjwe, ipakwe uji wa udongo, kisha isuguliwe ndani kwa kidole mpaka mstari wa maungio upotee. Kamba zilizopangwa tu bila kusuguliwa zitaachana zikikauka. Kipindi cha nne ni bamba: vijiti viwili vya unene wa milimita 8, udongo katikati, chupa ya kusukumia. Baada ya hapo waache wabuni.

Vifaa viko jirani: kipande cha kibuyu kwa kulainishia ukuta, gunzi la muhindi kwa nakshi, kokoto kwa kung'arishia, waya wa kukatia uliofungwa vijiti viwili. Kazi ambayo haijaisha ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu na kuwekwa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, na ndoo hutunza unyevu vizuri kuliko mfuko.

Kuchoma, tafuta mfinyanzi wa kijijini na umlipe awafundishe moto wa wazi. Wanafunzi wakae upande upepo unakotoka, na vyombo vipashwe kando ya moto kwa saa mbili kabla ya kufunikwa kwa kuni na nyasi.

Nataka kufungua madarasa ya jioni kwa watu wazima. Nina magurudumu manne na chumba kimoja. Nitoze vipi, na nijihadhari na nini? — Msomaji, Nairobi

Wanafunzi wanne, magurudumu manne. Watu wazima wametoka kazini, hawakulipa wasubiri zamu. Bei ijumlishe udongo, michomo miwili, glezi, kodi na saa zako za kusafisha na kupakia tanuri, ambazo wengi husahau na ndizo zinazomaliza faida. Weka bayana tangu siku ya kwanza ni vyombo vingapi vitachomwa kwa kila mtu. Tunashauri vitatu kwa kozi ya majuma sita. Vingine vikatwe katikati kwa waya mbele yake. Kwa kuona unene wa ukuta uliokatwa, mwanafunzi anajifunza kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Anza na donge la gramu 500 hadi 700; kikombe huhitaji 350 hadi 400 tu, lakini mkono mgeni unapoteza mwingi. Kazi ya kwanza ni kuliweka katikati. Viwiko vikae juu ya mapaja, gurudumu liende kasi, mkono mmoja usukume kutoka ubavuni na mwingine ukandamize juu, na mikono iondolewe polepole. Anayeachia ghafla hulitoa donge katikati sekunde ya mwisho. Akishafungua, apitishe kidole kutoka katikati ya kitako kwenda nje na kurudi, mara tatu nne kwa kukandamiza. Asiyefanya hivyo atakuta ufa wa herufi S chini ya kikombe.

Udongo uliobaki usiende kwenye sinki, utaziba bomba. Panga ndoo tatu za kunawia, ya mwisho ndiyo yenye maji safi, na matope ya ndoo ya kwanza yarudi kukaushwa kwenye bamba la plasta ya jasi (plaster of Paris), si ya saruji. Bamba hilo unalitengeneza kwa kilo 1.4 za plasta kwa lita moja ya maji. Nyunyiza plasta juu ya maji, iache dakika mbili, koroga bila kuingiza hewa, mimina, kausha wiki moja. Kingo zake zikianza kumeguka litupe, kwa sababu kipande cha plasta ndani ya udongo hupasua chombo sawasawa na chokaa.

La kujihadhari zaidi ni vumbi. Silika inayovutwa miaka mingi hutia makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi. Fagio lisiingie karakana. Sakafu na meza zipigwe deki kila jioni, aproni zifuliwe kila wiki, na mtu anayepima unga wa glezi avae barakoa ya N95 iliyobana usoni. Ya kitambaa haizuii vumbi hilo.

Mikono ya vikombe vyangu inaachia au inapata ufa pale inapoungana na ukuta. — Msomaji, Zanzibar

Kikombe chako ni kikavu kuliko mkono. Mkono unanywea, ukuta haufuati, maungio yanachanika. Ungia kikombe kikiwa kimekaza kiasi cha kutobonyea kwa kidole lakini bado kinakatika kwa kisu bila kumeguka. Mkono uache dakika 20 hadi 30 ukaze kidogo. Chanja pande zote mbili, paka uji wa udongo huohuo wenye matone machache ya siki, kandamiza huku kidole kikishikilia ukuta kwa ndani, na uji uliotoka pembeni ulainishwe. Kisha funika kikombe kizima usiku mmoja ili unyevu ulingane, ukifunue kidogo kidogo kwa siku mbili. Upepo wa bahari hukausha mkono kabla ya ukuta, kwa hiyo zungushia mkono peke yake kipande cha khanga chenye unyevu.